Korosho Zako Unaziokotea Wapi?

Wanangu mliopewa vishikwambi na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, karibuni kwenye kazi ya kuwaandika wagonjwa wa saratani. Mimi nimeshastaafu. Nipo barazani kwangu Mikindani, magoti yanauma lakini mdomo hauumi, kwa hiyo mtanisikiliza mpaka nichoke mwenyewe.

Mkufunzi wenu atawaambia kwamba sajili ya saratani ya hospitali ikikaguliwa inatazamwa kama imekamilika, kama ina usahihi, kama taarifa zinafika kwa wakati, na kama inaweza kulinganishwa na za hospitali nyingine. Ni kweli, wala simpingi. Lakini hatawaambia habari za korosho. Hizo mtazipata kwangu, na msipozishika mtapeleka dawa kwa wazima na kuwaacha wagonjwa kwao. Msinicheke. Yalikaribia kutokea, na mimi nilikuwepo.

Kwanza mjue nilivyoingia. Niliajiriwa kuwa muuguzi. Mgongo uliponishinda kuinua wagonjwa, nikahamishiwa masjala, chumba kilichokuwa nyuma ya stoo ya dawa, kimejaa mafaili na mende. Nililia, niwaambie ukweli. Niliona nimetupwa. Aliyenipokea ni Mzee Chilumba, Mmakua wa Masasi, mfupi, suruali ameifunga juu ya kitovu. Akanitazama pale mlangoni akauliza, "Binti, unajua kusoma mwandiko wa daktari?"

Nikajibu kwa kujidai, "Najua."

"Basi rudi nyumbani kapumzike, maana mwenyewe aliyeandika haujui."

Nikacheka huku machozi hayajakauka. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa hafungui faili la mgonjwa mpaka apite maabara kwanza, aone majibu ya kinyama kilichokatwa. Kisha anapita wodini, amwone mgonjwa mwenyewe, amsalimie, amuulize anaendeleaje na nani amemletea chakula. Ndipo anarudi kukaa na kuandika. Mtu akimwambia anachelewa, anajibu, "Nionyeshe mtu kwanza, karatasi baadaye." Nilipokuja kupewa kazi ya kuzunguka hospitali za kusini kukagua sajili zao, nilifuata mtindo wake uleule, na haukuniangusha.

Kwenye ukaguzi huo nimeona vituko. Hospitali moja, siitaji, mwandishi alituhakikishia kwamba hajakosa mgonjwa hata mmoja. Tukamuuliza amejuaje. Akasema amelinganisha sajili na daftari hili hapa, vinaoana mstari kwa mstari. Nikamuuliza daftari lenyewe amelipata wapi. "Nimelinakili kutoka kwenye sajili, mama." Jamani! Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akajipa maksi zote. Nyie mkitaka kujua kama mmekosa watu, tafuteni ushahidi usiotoka mikononi mwenu: majibu ya maabara, daftari la wodi, la chumba cha upasuaji, taarifa za vifo. Aliyeko huko na kwenye sajili hayupo, huyo ndiye mmempoteza.

Hospitali nyingine umri wa kila mgonjwa uliishia na sifuri. Hamsini, sitini, sabini. Nikamwambia yule ndugu, "Kwani huku kwenu watu wanazaliwa mara moja kila baada ya miaka kumi?" Akaona haya. Wazee walikuwa hawajui mwaka waliozaliwa, naye alikuwa anawakadiria kwa mvi. Sikumgombeza sana. Nilimfundisha kuuliza, "Mtoto wako wa kwanza yuko darasa la ngapi, au keshaoa? Ulimzaa ukiwa umeolewa muda gani?" Ukivuta pole pole, umri unakuja.

Na kuna lile la huruma. Ndugu wa mgonjwa anamshika muuguzi pembeni, "Dada yangu, tafadhali, usiandike hilo neno. Andika uvimbe tu." Muuguzi ana moyo, anaandika uvimbe. Mgonjwa anatibiwa, anaondoka, na sajili haimjui. Msiwakasirikie wauguzi kwa hilo. Kaeni nao, waelezeni kwamba anachoambiwa mgonjwa ni mazungumzo ya daktari na familia, na kinachoandikwa masjala kinafungiwa kabatini na hakisomwi msibani. Mimi mwenyewe majina ya watu wa hadithi hii nimeyabadilisha, pamoja na jina la kijiji. Nanyi mfanye hivyo hivyo mkisimulia.

Haya, sasa nije kwenye korosho.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho mwisho kazini. Timu yetu ilikuwa inakagua sajili ya hospitali kubwa ya mjini Mtwara na vituo vinavyoipelekea wagonjwa. Mkuu wa timu alikuwa Daktari Mlingi, kijana wa Dar es Salaam, mpole, anasoma kila karatasi mara mbili halafu anakuuliza swali la tatu. Nilimpenda, ingawa chai yake hatii sukari na mtu wa namna hiyo mimi humwangalia kwa wasiwasi.

Tulianzia kituo cha afya cha Namtende, ndani ndani huko Nanyamba, mikorosho kushoto na kulia mpaka unasahau kama kuna kitu kingine duniani. Pale kulikuwa na mashine moja, ndogo, ya kushika mkononi. Mwanamke anayechunguzwa mlango wa kizazi anapakwa siki, na penye mabadiliko panageuka peupe. Hiyo mashine inapachoma kwa joto papo hapo, kabla hapajawa saratani. Mwanamke anatembea kurudi kwake siku ileile. Muuguzi aliyeitumia aliitwa Sista Zainabu, mwanamke mnene, mcheshi, anawatania wanawake mpaka wanasahau kuona haya.

Mashine hiyo ilikuwa ya pekee inayofanya kazi upande wetu kwa wakati ule, na hospitali ya mjini ilikuwa inaitaka. Uamuzi ulikuwa unangoja ripoti yetu. Sista Zainabu alijua. Alitusindikiza mpaka kwenye gari, ameshika mlango hataki kuufunga.

"Mkiihamisha," aliniambia, "hawa wa kwangu hawataifuata mjini. Mimi wengine nawavizia mashambani. Yupo mmoja anaitwa Rukia, mama yake amelazwa mjini na ugonjwa huohuo. Kila nikimwambia aje nimchunguze, ananiambia korosho ziishe kwanza. Huyo ndiye atapanda gari hadi Mtwara kupakwa siki?"

Nikamwambia tutaangalia takwimu zinavyosema. Ndilo jibu tunalotoa sisi watu wa takwimu tukiwa hatuna jibu.

Takwimu zikasema hivi. Daktari Mlingi alizipanga kwenye ramani, kila mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi nukta nyekundu mahali anapoishi. Mjini kulijaa nukta. Chikongola, Magomeni, mpaka huku kwetu Mikindani. Namtende na vijiji jirani, peupe kabisa. Akaandika kwenye rasimu kwamba inashauriwa mashine ihamishiwe mjini, waliko wagonjwa. Nikaisoma sentensi hiyo, nikaona imenyooka. Nikamfikiria Sista Zainabu na ule mlango wa gari, roho ikaniuma, lakini nukta ni nukta.

Kilichobaki ilikuwa kuhakiki. Mkaguzi anachagua baadhi ya wagonjwa waliopo, anawauliza upya yale yale waliyoulizwa na mwandishi, aone kama majibu yanafanana. Nikaingia wodi ya wanawake. Kitanda cha dirishani alikuwepo Bi Mwanaidi, mwanamke wa makamo, amekonda lakini macho makali. Pembeni yake mdogo wake, Bi Tatu, anamnywesha uji kutoka kwenye chupa ya chai. Khanga zao sare.

"Shikamoo dada," akaniamkia Bi Tatu. Nikaitikia, nikajieleza, nikaanza maswali. Jina, sawa. Umri, sawa. "Unaishi wapi, Bi Mwanaidi?"

"Chikongola."

"Kwangu," akasema Bi Tatu, na uso ukamng'aa.

Kwenye sajili kulikuwa kumeandikwa Chikongola. Nikaweka alama ya sawa. Kufumba na kufumbua muuguzi wa wodi akaja na habari njema: rufaa ya Bi Mwanaidi kwenda Dar kupigwa mionzi imepatikana, ajiandae. Mimi nilidhani atashukuru. Wee! Aliinuka kwenye mto akafoka.

"Siendi! Korosho zangu zinaanguka. Niziache zioze? Nitakwenda zikishaokotwa."

"Mama, ugonjwa hausubiri korosho," muuguzi akasema.

"Na korosho hazisubiri ugonjwa. Siendi."

Nami domo langu halina breki, nikadakia, "Korosho zako ziko wapi?"

"Namtende. Kwani ziwe wapi?"

Kalamu ikanisimama mkononi. Namtende. Mama yake Rukia! Nikafanya jambo ambalo ningewapiga nyie vibao mkilifanya. Nikamuuliza palepale, mbele ya mdogo wake, "Kumbe unaishi Namtende, siyo Chikongola?"

Bi Tatu akaiweka chupa chini, polepole. "Una maana gani, dada? Kwamba kwangu amekuja kama mgeni? Nani anamfulia? Nani anamgeuza kitandani?" Akamgeukia mgonjwa. "Sema mwenyewe, dada. Kwangu si kwako?"

Bi Mwanaidi akamtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyeletewa inzi ndani ya uji. "Ni kwangu, Tatu. Andika Chikongola, mama. Tena andika vizuri."

Nikatoka wodini kichwa kimeinama.

Wanangu, nyie ni watu wa huku, mnaelewa. Na kama si wa huku, mtaelewa mkikaa. Mtu akiugua kijijini analetwa mjini kwa ndugu. Anakula chakula cha ndugu, analala kitanda cha ndugu, watoto wa ndugu wanahamia mkekani kwa ajili yake. Halafu umuulize mbele ya ndugu huyo, unaishi wapi, ajibu kijijini? Huko ni kumwambia mwenzake kwamba ukarimu wake hauhesabiki. Mtu mwenye adabu hawezi. Anataja nyumba aliyopokelewa, na kwa upande wake hajadanganya. Wala mwandishi hajakosea, ameandika alichoambiwa. Hata mimi mkaguzi niliyekwenda kuhakiki nilipata jibu lilelile, nikaweka alama ya sawa. Kosa lile linapita kwenye kila chujio tulilonalo, kwa sababu limetokana na heshima.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Mlingi. Nikamweleza, nahema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, mimi nina shamba Mkuranga, na naishi Dar. Wangapi hapa mjini wana mikorosho Nanyamba, Newala, Tandahimba? Mwenye duka hapo nje anayo. Mtu kuwa na korosho mahali si kuishi mahali."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikamjibu kwamba mwenye duka hajawahi kuinama kuokota hata moja, anaokotesha vibarua, anakwenda kutazama akiwa amevaa viatu vyeupe.

Daktari Mlingi akairudisha miwani usoni. Akasema taratibu, "Rudia hilo."

"Lipi?"

"La kuokota na kuokotesha."

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Tulilisuka pamoja, mimi na yeye, juu ya meza yenye chai yake isiyo na sukari. Kabla hujaugua, korosho zako ulikuwa unaziokotea wapi, na ulikuwa unaokota mwenyewe? Anayeokota mwenyewe lazima alale jirani na mikorosho, maana msimu ukipamba moto unaamka nazo. Na swali hilo halimnyang'anyi mwenyeji wake chochote.

Kesho yake nikarudi wodini. Bi Tatu alinipokea kwa shikamoo baridi. Nikavuta stuli nikakaa, sikutoa karatasi. Nikamuuliza mgonjwa, "Bi Mwanaidi, hizo korosho zinazokutoa machozi, kabla hujaugua nani alikuwa anaziokota?"

"Nani tena? Mimi."

"Huweki vibarua?"

"Vibarua!" Akacheka mpaka akakohoa. "Vibarua ni wa watu wa mjini. Naokota mwenyewe na mwanangu Rukia, alfajiri, kabla mbuzi wa Mzee Issa hawajaamka. Mbuzi wezi wale. Wanakula bibo, tunda lenyewe, wanakutafunia na korosho yake, halafu wanakuangalia usoni."

Bi Tatu, aliyekuwa amenipa mgongo, akageuka. "Mbuzi wa Mzee Issa wapo mpaka leo?"

"Wajukuu wao. Tabia ileile."

Wakaanza kucheka, wawili wale, na mimi nikawaacha. Bi Tatu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ile mikorosho aliipanda mama yetu," akaniambia, wala sikuwa nimemuuliza. "Mimi nilitoka Namtende siku niliyoolewa, nikaletwa mjini. Dada hakutoka. Hata alipoolewa, mume ndiye aliyehamia kwake, kwa desturi yetu. Kwangu ameletwa wakati wa kuipulizia mikorosho dawa ya salfa, kabla ya msimu, amebebwa."

Sasa ndipo nikatoa karatasi. Kwenye makazi nikaandika Namtende. Kwenye mtu wa kuwasiliana naye nikaandika Bi Tatu wa Chikongola, na namba yake ya simu. Akachungulia. "Na mimi umeniandika?" Nikamwonyesha jina lake. Akalisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, ameridhika. Shikeni hilo: nafasi hizo mbili kwenye fomu ni za watu wawili, na kila mmoja anataka kuiona yake.

Nilikuwa nainuka Bi Mwanaidi aliponishika mkono. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Mama, nasikia ile mashine ya Sista Zainabu mnaichukua."

"Bado haijaamuliwa," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

"Rukia wangu hatakuja mjini. Namjua, kichwa kigumu, amekirithi kwangu. Mimi nilisikia damu zinatoka nikasema zitakatika, korosho ziishe kwanza. Nikasema hivyo msimu mmoja, nikasema na wa pili." Akaubana mkono wangu. "Sitaki na yeye aseme."

Akamwomba Bi Tatu apige simu. Nilikuwa nimesimama palepale, nikasikia yote. "Rukia, sikiliza. Nitakwenda Dar kwenye hiyo mionzi. Na wewe uende kwa Sista Zainabu. Mimi naogopa mionzi, wewe unaogopa siki. Basi tuogope wote siku moja." Upande wa pili kulikuwa na kelele, bila shaka za korosho. "Zikianguka zianguke!" akafoka Bi Mwanaidi, na mimi niliyemsikia jana yake nilijua limemgharimu kiasi gani kulisema.

Nikamwendea Daktari Mlingi na karatasi yangu nimeishika kama hati ya nyumba. Akasema, "Mmoja hatoshi." Nikataka kumrushia stepla. Lakini alisema hivyo huku anaichukua rasimu na kuitia kwenye droo, na hilo ndilo lililonipa moyo. Akapanga tuwaulize wagonjwa wote walioandikwa wa mjini, waliolazwa na waliotoka, na kwa marehemu tuwaulize ndugu zao. Tena akanikataza mimi kuuliza. "Wewe unajua jibu unalolitaka, mama. Utawavuta." Akawapa waandishi ambao hawakuambiwa swali ni la nini. Nilinuna siku nzima. Leo nawaambia alifanya sawasawa, na nyie mfanye hivyo mkiwa na jambo mnalolipenda sana.

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Kweli wapo waliokuwa wa mjini, wenye mikorosho ya kuokotesha, tukawaacha walipo. Wapo wanawake wa nyumba za wavuvi huko Mnazi Bay, ambao swali la korosho liliwashangaza. Tukajifunza kwamba hao unawauliza samaki wa kwao wanapandishwa diko gani, yaani kwenye ufuko upi. Wapo waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi jirani, wakataja nyumba za shemeji zao upande huu kwa kuogopa kurudishwa. Hao wanahitaji upole zaidi, na kuhakikishiwa kwamba matibabu hayataondolewa kwa jibu lao. Lakini wengi, wengi kabisa, walisema Namtende na jirani zake.

Daktari Mlingi alipoichora ramani upya, pale palipokuwa peupe pakajaa nyekundu. Nilifurahi, nikapiga makofi. Halafu nikaziangalia zile nukta, kila moja mwanamke aliyesema korosho ziishe kwanza, nikaona haya kufurahi. Yeye alitoa rasimu kwenye droo, akakata ile sentensi, akaandika kwamba mashine ibaki Namtende na nyingine itafutwe kwa ajili ya mjini. Wakubwa walikubali. Ya mjini ilikuja baadaye, kwa kuchelewa kama kawaida yetu.

Rukia alikwenda kwa Sista Zainabu siku ileile mama yake aliyoanza mionzi. Walikubaliana kuogopa pamoja na wakaogopa pamoja. Akapakwa siki, kipande kikageuka cheupe. Sista akapachoma kwa ile mashine, akampa maelezo yake, Rukia akarudi nyumbani kwa miguu. Sista Zainabu alinipigia simu jioni, nikadhani kuna msiba, maana alikuwa analia. Alikuwa analia kwa furaha, mnene yule.

Bi Mwanaidi alirudi kutoka Dar. Ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, mionzi ilimpunguzia maumivu na damu lakini haikumponya. Alikataa kukaa tena Chikongola, na safari hii Bi Tatu hakuuliza, "Kwangu si kwako?" Alifunga mzigo wake akamfuata Namtende, akakaa naye huko mpaka mikorosho ilipotoa maua. Ndiyo ikawa mwisho wake, Mungu amrehemu. Aliyekuwa anafuatilia wagonjwa kwa simu ni mimi, na nilipopiga mwezi ule Bi Tatu ndiye aliyepokea. Sikuhitaji kuuliza.

Nimebakiza dogo moja, halafu mkanywe chai.

Rukia alitakiwa kurudi kuangaliwa baada ya mwaka. Nilikuwa nimeshastaafu. Nikasema nami nitakwenda, kumpa pole ana kwa ana, maana ya simu haitoshi. Nikapanda gari mpaka Nanyamba, na kutoka hapo bodaboda, magoti yakanitukana njia nzima. Nikamkuta Rukia kwenye benchi la kituo, khanga ya mama yake mabegani. Nikakaa naye. Sista Zainabu alikuwa ndani na mtu.

Mapokezi kulikuwa na mwandishi mpya, kijana kutoka Singida, hajamaliza hata mwezi. Ananiona bibi tu, mimi hanijui. Akamwita Rukia mezani, kishikwambi mkononi, anasoma maswali moja baada ya jingine kama anasoma taarifa ya habari. Jina. Umri. Unaishi wapi. Rukia akasema, "Hapahapa Namtende." Nikajua ameshamaliza.

Kijana akasogeza kidole. "Kabla hujaugua, korosho zako ulikuwa unaziokotea wapi?"

Sikujua kama wameliweka kwenye vishikwambi. Kijana mwenyewe hakujua limetoka kwa nani.

Rukia akacheka. "Kaka, mimi siumwi. Nimekuja kuangaliwa tu."

"Naomba ujibu, dada, swali ndivyo lilivyo."

Rukia akanyoosha mkono dirishani. "Zile pale. Umezipita ukija kazini."

"Unaokota mwenyewe?"

Akageuka akanitazama mimi kwanza. "Alikuwa anaokota mama. Sasa naokota mimi, mwenyewe, alfajiri, kabla mbuzi hawajaamka."

Mlango ukafunguliwa, Sista Zainabu akamwita. Akaingia, hakukaa sana, akatoka anatabasamu. Pameonekana safi, hakuna cheupe. Mimi nikaanza kulia pale kwenye benchi, mbele za watu, wala sikujifunika uso. Yule kijana akainuka, ameshtuka, akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia, "Siumwi, mwanangu. Wewe endelea kuandika."